Kisu Kabla ya Mtakatifu Yosefu

Kisu hakiingii mlimani kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Yosefu. Hakuna aliyeiandika kanuni hiyo popote, wala hapakuwa na askari wa kuisimamia, lakini katika kijiji cha Podvrsi, kusini mwa Moravia, kila mwenye mizabibu aliishika kama alivyoushika mfungo wa Ijumaa Kuu. Mwezi wa Novemba, majani yakishapukutika, watu waling'oa nguzo zilizoshikilia mizabibu, wakachota udongo kwa jembe na kukifunika kila kichwa cha mzabibu, mpaka shamba zima likawa vilima vidogo vidogo. Matawi marefu yaliachwa yakitokeza juu ya udongo, bila kukatwa. Hayo baridi iliruhusiwa kuyala. Uhai wenyewe ulikuwa chini, umefunikwa, na ulikaa huko hadi katikati ya Machi. Hapo ndipo vilima vilipofukuliwa na kisu kikaanza kazi.

Metodej Salajka aliishika kanuni hiyo tangu alipopata nguvu ya kuinua jembe hadi alipokuwa na miaka hamsini na sita. Aliivunja mara moja tu.

Alikuwa mtu wa maneno machache na mikono isiyo na haraka. Alinywa divai yake mwenyewe, kwa kiasi, na hakukopa jembe la mtu. Alikuwa na mashamba mawili ya mizabibu. La chini lilikuwa karibu na kanisa dogo, limeelekea kusini, na udongo wake ulikuwa mweusi na laini. La juu lilikuwa dogo, la mawe, na upepo ulilipiga pande zote. Mwanawe wa kiume alibaki Italia katika vita ya Kaisari, na kaburi lake halikujulikana. Nyumbani alibaki yeye, mkewe Apolena, na binti yao Rozina. Kila mtu kijijini alijua kwamba Rozina akiolewa, shamba la chini litakwenda naye.

Majira ya vuli ya mwaka ule, vita ikiwa imekwisha na Kaisari ameondoka, Rozina alichumbiwa na Florian, mtoto wa mwisho wa Hinek Tichava. Tichava alikuwa mkulima wa ngano wa kule tambarare, mwenye farasi wanane, sauti nzito na nyumba ndefu. Katika nyumba ile kila mtu alikaa mahali palipomstahili. Mke wa mtoto wa kwanza alikuja na konde la majani ya farasi, naye alikula mezani pamoja na wanaume. Mke wa mtoto wa pili alikuja na godoro la manyoya tu. Huyo alikula kwenye benchi la mlangoni, pamoja na mtumishi, sahani yake ikiwa mapajani. Apolena aliliona jambo hilo kwa macho yake siku walipokwenda kwa akina Tichava kuzungumzia posa, na njiani wakirudi alisema neno moja.

"Mwanangu hatakaa mlangoni."

"Hatakaa," alisema Metodej. "Ana shamba la chini."

Arusi ilipangwa kufanyika kabla ya Kwaresima, kama ilivyo desturi. Baada ya Krismasi hali ya hewa ikageuka. Theluji iliyeyuka, mifereji ikajaa maji, na nyuki wakaonekana wakizunguka mizinga. Katika siku hizo za joto la uongo, Hinek Tichava alikuja kwa gari la farasi kulitazama shamba atakalopewa mwanawe.

Walisimama kwenye njia, yeye na Metodej. Jirani wa shamba la pili, mzee Blazej, alikuwa karibu akirekebisha ukuta wake wa mawe, na masikio yake yalikuwa wazi.

"Hili ndilo shamba lenyewe?" aliuliza Hinek.

"Ndilo."

"Mimi naona makaburi ya watoto, mkwe."

Blazej akacheka bila kuinua kichwa. "Usiogope, Hinek. Piga hodi, wataitika mwezi wa tatu."

Hinek naye akacheka, lakini hakuacha. "Kwetu farasi hauzwi akiwa zizini. Anatolewa nje, watu wamwangalie meno."

"Mzabibu hauna meno," alisema Metodej.

"Basi nionyeshe hata ufizi." Hinek alimshika bega kwa upole. "Sikiliza, mkwe. Siku ya arusi ndugu zangu wote watapita njia hii na magari. Shemeji yangu ana mdomo mrefu kuliko barabara. Nataka aone shamba lililokamilika, nguzo zimesimama, matawi yamekatwa vizuri kama shamba la mtu mwenye adabu. Nisije nikasikia kwamba Florian amepewa rundo la udongo. Ni neno dogo tu hilo, au siyo?"

Hinek hakuwa na nia mbaya. Alikuwa mtu wa ngano, na ngano hukaa nje wakati wote wa baridi bila kufunikwa na mtu. Hakujua alichokuwa akiomba. Metodej alijua. Wajibu wake ulikuwa kusema sentensi moja, kwamba mzabibu uliofukuliwa na kukatwa mwezi wa Januari hauna nguo, na baridi ikirudi utakufa. Alikuwa nayo mdomoni. Lakini kicheko cha Blazej kilikuwa bado kinamuuma, na yale maneno ya makaburi yalikuwa yamemchoma, naye aliona haya kusimama mbele ya mtu mwenye farasi wanane akieleza kwa nini shamba lake halionekani kuwa shamba.

"Litakuwa tayari," alisema.

Nyumbani, juu ya jiko la vigae, kulikuwa na gudulia la maji. Siku ya Mtakatifu Visenti, mwezi uleule wa Januari, Metodej alikuwa amekata matawi machache ya mzabibu akayatia humo, kama walivyofanya watu wote, ili aone kama macho ya matawi, yale yanayotoa machipukizi, yalikuwa hai. Mwaka ule yalifumuka upesi kuliko miaka yote. Yalitoa vijani vidogo vya rangi ya waridi, na majirani walikuja kuyatazama na kusema kwamba mwaka utakuwa wa divai.

"Unaona?" Metodej alimwambia mkewe, akalisogeza gudulia. "Mizabibu imeshaamka. Baridi imekwisha."

Apolena alikuwa anakanda unga. Hakusimamisha mikono. "Matawi ya gudulia yako jikoni, baba Rozina. Mizabibu iko nje."

"Nitakata shamba la chini peke yake. La juu halitaguswa."

"Na Yosefu?"

"Wageni wakishapita, nitafunika tena."

"Basi mwambie Hinek ukweli, usikate kabisa."

"Unataka mwanao akae mlangoni?"

Apolena alinyamaza. Baadaye, katika miaka iliyofuata, alijilaumu kwa kunyamaza kule kuliko alivyomlaumu mumewe kwa kisu.

Akafukua. Udongo ulikuwa laini, jembe likaingia kama kwenye siagi. Kilima kimoja kimoja kilibomolewa, vichwa vya mizabibu vikatoka nje, vyeusi na vyenye unyevu. Alivikata kwa ustadi, kwa maana hakuwahi kukata kwa namna nyingine, na kwa kila kichwa alibakiza vipande vifupi vyenye macho mawili. Matawi marefu aliyafunga matita ya kuni. Blazej alipita njiani na kikapu chake, akasimama.

"Metodej. Kalenda yako imeliwa na panya?"

"Ni kwa ajili ya arusi."

"Arusi ni ya watu, si ya mizabibu." Blazej alilitazama tita la matawi kwa muda. Sasa hakuwa anatania. "Zile kuni ndizo zilizokuwa akiba yako. Juu hakuna tena, na chini umefungua. Una nini mkononi sasa?"

"Nitafunika wakishapita."

"Funika siku hiyohiyo, jirani. Usilale."

Arusi ilikuwa nzuri, na hakuna atakayesema vinginevyo. Magari yalipita kando ya kanisa dogo, na Hinek Tichava alisimama juu ya lake akawaonyesha ndugu zake shamba kwa mjeledi. Nguzo zilikuwa zimesimama kwa mistari. Yule shemeji mwenye mdomo mrefu hakupata la kusema. Metodej aliyaona hayo akiwa kwenye gari la nyuma, na kifua chake kilijaa. Hiyo ndiyo furaha aliyoinunua, na haikuzidi urefu wa njia kutoka kanisani hadi ukumbini.

Watu walikula nyama ya nguruwe na kabichi chachu, mikate mitamu ya jibini na plamu, na walikunywa. Siku ya kwanza baba wa bibi arusi hawezi kuondoka. Siku ya pili wanawake walikuja kunawa uso kwa divai, kama ilivyo desturi, na kucheza, na tena hawezi kuondoka. Alasiri ya siku hiyo ya pili upepo uligeuka ukatoka mashariki. Wacheza ngoma waliotoka nje kupunga hewa walirudi wakisugua masikio. Metodej aliuona mlango ukifunguka na ukungu wa baridi ukiingia kama moshi, akaweka bilauri mezani. Alijua. Hinek alimvuta mkono. "Kaa, mkwe, wimbo huu ni wako." Akakaa.

Asubuhi ilipofika alikwenda na jembe, na jembe likaruka. Udongo aliouacha wazi kati ya mistari, uliokuwa umelowa maji ya theluji, ulikuwa umekuwa jiwe. Akarudi kuchukua sululu. Sululu ilitoa cheche na vipande vidogo kama vya chungu, visivyoweza kufunika kitu. Mpini ukavunjika. Alichukua majani makavu yaliyokuwa ya kulalia ng'ombe, akachukua magunia, mwisho akayatoa majani yaliyokuwa ndani ya godoro lake mwenyewe, akavifunga vichwa vya mizabibu alivyoweza, kimoja baada ya kingine, vidole vikitoka damu ambayo haikudondoka kwa sababu iliganda palepale. Apolena alibeba magunia pamoja naye. Upepo ukaipeleka nusu ya majani bondeni.

Baridi ile ilikaa hadi baada ya Jumatano ya Majivu. Kunguru walianguka kutoka mitini. Miti ya mwaloni ilipasuka kwa kishindo kama bunduki, na watu walivuta maji kisimani kwa kuvunja barafu kwa shoka. Haikuanguka hata theluji kidogo ya kuifunika ardhi. Blazej alikutana na Metodej mlangoni pa kanisa na hakumtania. Alimgusa mkono tu, akapita.

Siku ya Mtakatifu Yosefu ilipofika, kijiji kizima kilipanda mlimani na majembe. Matawi yaliyokuwa juu ya vilima yalikuwa yamekufa yote, kwa kila mtu. Lakini walipofukua chini, wakakata jicho la tawi kwa ncha ya kisu, ndani yake palikuwa pa kijani. Watu walipiga ishara ya msalaba wakaanza kupogoa. Metodej alianza na shamba la juu, lile la mawe, na ndani ya macho palikuwa pa kijani. Kisha akashuka shamba la chini. Jicho la kwanza alilokata lilikuwa na rangi ya tumbaku. La pili vilevile. Alikwenda mstari mzima akikata, kisha akaacha, kwa kuwa hakukuwa na haja ya kuendelea.

Alipotoka pale hakumwambia mtu. Akina Tichava walikuwa mbali tambarare, na walikuwa na kazi ya kupanda shayiri.

Mwezi wa Mei, Florian alikuja mbio, farasi akitoka povu. Alikuwa kijana mwema, mwekundu wa mashavu, mwenye kucheka upesi.

"Baba, limechipua. Nimepita sasa hivi. Watu walisema limekufa, na tazama, kila mzabibu una machipukizi marefu kama kidole. Baba mzazi amefungua chupa ya gongo ya plamu. Njoo."

Metodej alikwenda. Rozina alikuwa ameshafika, amekaa kwenye ukuta wa mawe, tumbo lake limeanza kuonekana. Hinek alikuwa na chupa mkononi. Na kweli shamba lilikuwa la kijani.

Metodej aliinama akashika jani. Lilikuwa laini, linang'aa, halina yale manyoya ambayo jani la mzabibu wa divai huwa nayo upande wa chini. Mizabibu ya siku hizi yote hubebeshwa. Chini huwa kuna mizizi ya mzabibu mwitu, ambayo wadudu wa udongoni hawaiwezi, na juu yake hufungwa tawi la mzabibu wa divai. Sehemu ya juu ilikuwa imekufa na baridi. Kilichochipua ni mwitu, kutoka mizizini. Ungeendelea kuwa wa kijani, ungepanda nguzo, ungependeza macho, na usingezaa zabibu hata moja mpaka mwisho wa dunia.

Hinek alimpa chupa. Metodej alinywa, akasema anataka kutazama mistari ya juu, na Rozina akamfuata. Walipofika mahali ambapo wengine hawakuwasikia, binti alizungumza kwanza.

"Usiniambie, baba. Nimeliona jani."

Alikuwa amekua kwenye mizabibu. Metodej alisahau kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha.

"Wao hawajui," Rozina aliendelea, sauti chini. "Florian hajui. Mzee hajui. Mzabibu ukipigwa na baridi watu husubiri mwaka, hata miwili. Mpaka hapo mtoto atakuwa ameshazaliwa, nami nitakuwa nimeshakaa. Baba, mimi nakaa mezani sasa. Upande wa dirisha."

"Unataka ninyamaze."

"Ulinyamaza mara moja. Nyamaza tena, safari hii kwa ajili yangu."

Metodej alilikunja jani lile vidoleni. Ilikuwa rahisi kabisa. Hakuna mtu angemshtaki. Kijiji kizima kilikuwa kimepigwa na baridi, na lawama ingekwenda mbinguni. Lakini alijua kwamba Florian, kijana yule anayecheka, angepalilia mwitu, angeufunga kwenye nguzo, angeufunika Novemba na kuufukua Machi, mwaka hata mwaka, akingoja. Kumfanyisha mtu kazi kwenye kitu unachojua kimekufa ni wizi, hata kama mikono yako mitupu. Metodej hakuwa mwizi. Alikuwa amekuwa mwoga, na alitosheka na hilo moja.

Akateremka. Rozina hakumfuata.

"Mkwe," alisema, "weka chupa chini. Shamba hili limekufa. Huu ni mzabibu mwitu."

Akaeleza yote, kilima, kisu, akiba iliyokatwa, udongo ulioganda. Hinek Tichava alimsikiliza bila kumkatiza. Alikuwa mgumu lakini si mpumbavu.

"Siku ile niliposimama hapa," aliuliza mwishowe, "ulijua kwamba inaweza kuwa hivi?"

"Nilijua."

"Kwa nini hukuniambia? Mimi ni mtu wa ngano. Ningejuaje?"

"Niliona haya."

Hinek alitikisa kichwa polepole. "Ungeniambia neno moja, ningewaonyesha ndugu zangu yale makaburi na kuwaambia wafunge midomo. Neno moja tu, mkwe." Alirudisha kizibo kwenye chupa. "Sasa nifanye nini? Niliahidiwa shamba. Nyumbani kwangu wote wanajua niliahidiwa shamba. Sitaweza kuwaeleza wake wa wanangu wengine kwamba huyu anakaa mezani kwa sababu ya kuni."

"Utapata la juu," alisema Metodej. "Liko hai. Ni la mawe, lakini liko hai."

"Na wewe?"

Metodej alishika nguzo iliyokuwa karibu akaing'oa, na Hinek hakuuliza tena. Alikubali. Alikuwa na haki ya kukubali, na huo ndio ugumu wa jambo lenyewe, kwamba hakuna mtu mwingine wa kumbebesha lawama.

Shamba la juu liliandikwa kwa jina la Florian kabla ya mavuno. La chini likarudi kwa Metodej, na aling'oa mizizi ya mwitu peke yake, akachimba ardhi kwa kina cha kiuno cha mtu, mstari kwa mstari, kama inavyotakiwa kabla ya kupanda upya. Mizabibu mipya huanza kuzaa mwaka wa nne. Ili wapate kula katika miaka hiyo, alifanya kibarua kwa wengine mlimani, pamoja na kupogoa shamba la juu la mkwewe, na Apolena alikwenda kupunguza miche ya viazi vya kutengenezea sukari kwenye mashamba ya bwana mkubwa mwenye ardhi ya tambarare, akitambaa kwa magoti kwenye matope ya Mei pamoja na wasichana wa umri wa Rozina. Ng'ombe waliuzwa. Blazej alimletea mara kwa mara kapu la miche, akaiacha mlangoni bila kupiga hodi.

Mwaka wa tatu, mwezi wa Novemba, Metodej alikuwa akiifunika miche yake na udongo alipopatwa na kichomi. Hakuamka tena. Blazej ndiye aliyemaliza kufunika mistari iliyobaki.

Rozina alikaa mezani, upande wa dirisha, hadi uzee wake, na alizaa watoto watano. Alimzika baba yake kwa heshima zote. Lakini tangu siku ile ya jani, alipomwomba anyamaze naye akasema, kila alipokuja Podvrsi aliingia kumwamkia mama yake na kutoka, na kwa muda wote uliobaki wa maisha ya Metodej hakumwita tena baba.

Kwa kuona haya mbele ya mtu mmoja, kwenye njia, alasiri moja ya Januari, Metodej Salajka alilipa mashamba mawili, ng'ombe wake, magoti ya mkewe, na binti yake, mtoto pekee aliyekuwa amembakia.